Mama Mdogo Alipoita Kinamasini

Majira yale ya baridi nilikuwa nashona nguo za watu waliokufa maji. Ndiyo kazi niliyoipata katika tamthilia moja ya kutisha ya televisheni iliyorekodiwa hapa Toronto, kwenye ghala la zamani katika mtaa wa Etobicoke. Kila kipindi kilikuwa na hadithi yake, zote zimetoka katika simulizi za watu wa vinamasi vya kusini mwa Marekani: taa zinazotembea juu ya maji, wafu wasiokubali kuzikwa, mwanamke anayejificha kwenye nyasi ndefu na kuwaita wapita njia kwa sauti ya ndugu zao. Anayeitika anazama. Mimi nilichana pindo za magauni, nikayapaka tope, nikayaanika, nikayapaka tena.

Kinamasi chenyewe kilikuwa humo humo ndani. Mafundi walitandika turubai jeusi, wakalijaza maji, wakasimamisha miti ya sponji yenye nyuzi za kijivu zinazoning'inia kama ndevu, kisha wakapuliza moshi. Nje theluji inafika magotini, ndani watu wanatoka jasho. Nikirudi nyumbani namsimulia mama yangu mdogo, niliyekuwa nikiishi naye ghorofani. Alikuwa amestaafu kazi ya kutunza wazee, na habari hizo zilimchekesha.

"Kumbe na huko Marekani kuna mizimu ya majini? Nilidhani ni sisi tu."

Siku moja mwongozaji, kijana mpole asiyependa kupaza sauti, alisema anatafuta bibi wa Kiafrika atoe sauti ya yule mwanamke wa nyasini. Lugha yoyote ya Afrika ingefaa. Nikamtaja mama mdogo. Nilifurahi, kusema kweli. Kanisani anaimba kutushinda wote, na nilitaka mji huu umsikie walau mara moja.

Alikuja asubuhi, kitenge chake cha Pasaka kikichungulia chini ya koti langu zito. Wakamsimamisha ukingoni mwa maji, maikrofoni juu ya kichwa. Mimi nilitafsiri.

"Anasema umwite mtu unayempenda. Kama vile yuko ng'ambo ya maji."

"Nani?"

"Yeyote, mama. Ni mchezo tu."

Aliyatazama maji, kisha akaita, kwanza polepole, halafu kwa nguvu, hadi fundi wa taa akashuka ngazi kumsikiliza. "Njoo! Niko hapa! Usiogope, shika matete, njoo!" Na katikati ya maneno hayo alilitaja jina ambalo nyumbani kwetu nililisikia mara chache sana, tena kwa kunong'ona.

Lilikuwa jina la mdogo wao wa mwisho, yeye na mama yangu. Mama mdogo alikimbia vita akiwa na msichana huyo, wakapita kwenye matete ya mto Rusizi, mpakani mwa Kongo na Burundi, pamoja na majirani. Aliyewaongoza aliwaonya kwamba atakayepiga kelele atawaua wote, kwa sababu askari walikuwa karibu. Walipotokea upande wa pili, msichana hakuwa nyuma yao. Mama mdogo hakuita. Alisimama kimya, akiyatazama matete, hadi walipomvuta mkono. Hayo niliyajua. Sikujua kwamba tangu siku ile hakuwahi kulitamka jina hilo kwa sauti.

Alipomaliza, watu walipiga makofi. Mwongozaji alikuwa akifuta macho. Ndani ya gari mama mdogo aliniambia, "Kifua kimekuwa chepesi," akaegemeza kichwa kwenye kioo.

Kipindi kilipotoka tulikitazama Jumapili baada ya ibada, chai ikiwa mezani. Kijana anapiga kasia peke yake kwenye ukungu. Sauti ikaja. Walikuwa wameifanya nzito, wakaitia mwangwi, lakini ilikuwa yake. Chini ya skrini paliandikwa kwamba mzimu unaongea lugha isiyojulikana. Kijana akaifuata, mikono ikatoka majini, ikamvuta.

Mama mdogo aliweka kikombe chini. "Basi mimi ndiye huyo?"

"Hadithi ulikuwa unaijua, mama."

"Niliijua. Lakini pale nilikuwa namwita yeye. Sasa mtu akisikia sauti kama hiyo atakuja? Si atakimbia?"

Wiki iliyofuata nilikwenda ghalani kuomba sauti yenyewe, ile ya kabla haijachezewa. Fundi wa sauti alitafuta kwa moyo wote, akapata ile ya mzimu tu. Maji ya kinamasi yalikuwa yameshamwagwa, na pale palipokuwa na miti walikuwa wakijenga chumba cha mahakama kwa ajili ya tamthilia nyingine.

Theluji ilipoyeyuka nilimpeleka kando ya mto Humber, humu humu mjini, mahali penye matete. Wazo lilikuwa langu. Nilidhani akiita pale, mbali na watu na mashine, atairudisha sauti yake. Alisogea hadi kwenye tope, akavuta pumzi, akafungua mdomo. Haikutoka. Akajaribu tena. Mtu mmoja akapita na mbwa wake, akatusalimia.

"Siwezi," alisema aliponigeukia. "Nikitaka kumwita, naisikia ile ya kwenye televisheni."

Nikamwomba anisamehe. Akasema hakuna aliyejua, si mimi, si yule mwongozaji. Viatu vyake vilikuwa vimejaa tope. Nikachuchumaa nikavifuta kwa majani, kisha tukapanda taratibu kuelekea kituo cha basi.