Kiungo Aliyecheza kwa Jina la Bartolomayo

Ebo Quansah alishuka kwenye treni ya reli ya kati hapa Dodoma mwezi wa nane mwaka 1990, akiwa na begi moja na goti bovu. Goti alilificha. Alikuwa na miaka ishirini na tisa, mzaliwa wa Sekondi, mji wa reli na bandari kule Ghana, na alikuwa ameshacheza mpira wa kulipwa Abidjan na Kitwe, Zambia.

Timu iliyomchukua ilikuwa ya kiwanda chetu cha kukamua mafuta ya karanga. Mimi nilikuwa mpiga chapa ofisi ya utumishi, na dirisha langu lilitazama uwanja wa mazoezi. Sikujua mpira, lakini hata mimi niliona kwamba yule mtu hakimbii, anaukimbiza mpira. Alisimama katikati kama anayesubiri kuhudumiwa dukani, mara pasi ikatoka, na winga aliyeachwa peke yake ndipo akagundua kwamba yuko peke yake.

Tatizo lilikuwa karatasi. Klabu ya Kitwe haikutuma barua ya kumruhusu kuhama, na bila hiyo asingesajiliwa. Siku tatu kabla usajili haujafungwa, katibu wa timu, Bwana Damas, aliingia ofisini, akafungua kabati la mafaili ya vibarua wa zamani, akatoa cheti cha darasa la saba.

"Ritha, piga fomu kwa jina hili."

Nikasoma: Bartolomayo Ndahani, Mpwapwa, amezaliwa 1962.

"Huyu si yule kibarua aliyeondoka themanini na sita bila kuaga?"

"Ndiye. Hajarudi kukidai cheti chake. Piga."

Nikapiga.

Kwa misimu miwili Ebo alikuwa Bartolomayo. Kamisaa wa mchezo akimuuliza jambo, nahodha alimjibia, akasema mwenzake ana kigugumizi. Mashabiki wakamwita Bubu, kwa mapenzi. Alihamia Nkuhungu kwa Raheli, mpishi wa kantini yetu, ambaye alimfundisha Kiswahili na kumkanda goti kwa maji ya moto yenye chumvi. Kwao hakuandika barua. Aliniambia baadaye kwamba hakujua angemwelezaje mama yake habari za mtu anayeitwa Bartolomayo.

Mwaka 1992 timu ilipanda hadi nafasi ya tatu, na mechi zetu zikaanza kutangazwa redioni.

Jumatatu moja ya mwezi wa sita, mlinzi aliniletea wanawake wawili. Mmoja alikuwa mama wa makamo aliyejitanda kaniki, ameshika kibuyu cha maziwa. Jina lake Anyesi. Aliyefuatana naye alikuwa binti yake, Paulina.

"Mbukwenyi," mama alisalimia kwa Kigogo. Nikamwamkia, nikampa kiti. Hakukaa.

"Nimekuja kumwona mwanangu Bartolomayo. Jirani alimsikia kwenye redio. Jumamosi iliyofuata nikaenda kusikiliza mwenyewe. Wamelitaja jina lake mara tisa."

Niliacha mashine. Nilitaka kumkimbilia Damas, lakini mlinzi, ambaye hakujua lolote, alikuwa ameshapaza sauti kuelekea uwanjani: "Bartolomayo! Mama yako huyu hapa!"

Ebo akaja na njumu mkononi. Anyesi akageuka upesi. Alimpita kwa macho, akatazama nyuma yake, akimtafuta mwingine.

"Yuko wapi?"

Damas alikuwa amefika mlangoni. "Mama, majina yamefanana tu," alisema. "Huyu ni Ndahani mwingine."

"Bartolomayo Ndahani mwingine wa Mpwapwa?" Paulina akauliza. "Wa kijiji gani?"

Ebo aliweka njumu chini.

"Mimi si Bartolomayo, mama. Mimi Ebo. Walinipa karatasi yake, nicheze. Yeye sijamwona. Samahani."

Anyesi aliketi sakafuni. Hakulia. "Mwaka wa nne tangu apotee niligawa nguo zake," alisema. "Nilikuwa nimemaliza kumlilia. Mmenirudisha mwanzo."

Aliomba apewe hicho cheti, kwa kuwa hakuwa na kitu kingine chenye jina la mwanawe. Damas akakataa. Cheti kikitoka, alisema, mchezaji hakuna. Wakaondoka bila kunywa hata maji.

Jumamosi Ebo alicheza. Nilikwenda Uwanja wa Jamhuri, mara yangu ya kwanza. Kila jukwaa lilipoita jina, alichelewa kidogo, kama mtu anayesubiri mwenye jina aitike. Alipoteza mipira ambayo hata mimi ningeituliza. Kabla ya mapumziko wakamtoa.

Jumanne, wakati wa chakula cha mchana, alisimama mbele ya meza yangu.

"Dada Ritha, nipe ufunguo wa kabati."

"Ukikichukua hicho cheti, umekwisha mpira wako. Unajua?"

"Najua."

Nikampa. Akapanda basi la Mpwapwa, akakiweka cheti mikononi mwa Anyesi. Damas alimfukuza bila kumshtaki, maana kumshtaki kungeizamisha klabu nzima. Hakuna aliyetangaza kwamba amestaafu. Jumamosi iliyofuata mtangazaji alisoma jina jingine, basi.

Miaka miwili baadaye kiwanda kikauzwa. Mwenye mali mpya aling'oa mashine za kukamulia mafuta, akazipeleka Dar es Salaam, nasi tukaambiwa twende nyumbani. Ebo alikuwa tayari utingo wa malori ya mizigo, na goti lile. Raheli alimlaumu, mimi nilimwelewa. Kila lori lilikofika, Morogoro, Kilosa, Tanga, alimuulizia Bartolomayo. Akirudi alipitia Mpwapwa, akasema neno moja: "Bado." Anyesi alimpa uji uani. Ndani hakumkaribisha.

Mwaka 1996, karibu na Korogwe, alimpata mzee Elieza, aliyekuwa mkata mkonge. Mzee huyo alikuwa amelala chumba kimoja na Bartolomayo. Homa ilimchukua kijana yule mwaka 1988, wakamzika ukingoni mwa shamba. Shamba lenyewe sasa lilikuwa pori. Elieza alimwonyesha upande tu, kwa kidole.

Ebo alikuja kwangu. "Kiswahili changu hakitoshi kwa neno hili. Twende wote."

Tukaenda. Lakini tulipofika uani alinishika mkono ninyamaze, akapiga goti lake zima mbele ya Anyesi.

"Mama, amefariki. Themanini na nane. Homa."

Anyesi aliwafukuza kuku waliokuwa wakidonoa ungo wa mtama aliokuwa akipeta.

"Walimzika kwa jina lake?"

"Sijui, mama. Hakuna msalaba."

Alitikisa kichwa. Matanga yakawekwa siku ileile. Ebo alikaa mbali kidogo na wanaume wengine. Mjomba mmoja alipouliza ni nani, Paulina alijibu, "Ndiye aliyetuletea habari," akaendelea kugawa ugali.

Siku ya tatu Anyesi alimwita.

"Umefanya vizuri. Sasa usije tena. Nikikuona nasikia redio."

Alisema bila hasira, na Ebo akatii. Mama huyo alipofariki mwaka 1999, Ebo alipata habari baada ya wiki na hakwenda.

Siku hizi anakaa Miyuji na Raheli na mabinti zao wawili. Analinda duka la vifaa vya ujenzi, mguu ameunyoosha juu ya kopo la rangi kwa sababu haukunjiki tena. Wateja wanamwita Mghana. Hakuna anayejua kwamba aliwahi kucheza.

Mwaka ule wa 1996, tuliporudi kutoka Mpwapwa, niliazima mashine nikampigia barua ya kwenda Sekondi. Jibu lilichukua miezi minne, likatoka kwa dada yake. Ebo alinisomea polepole, akigeuza Kiingereza kuwa Kiswahili. Mama yao alifariki mwaka 1993. Kabla ya hapo mtu fulani aliwaambia kwamba Ebo amezama mtoni Zambia, nao wakamlilia, wakamfanyia mazishi bila mwili. Dada aliuliza kama mwandishi wa barua ile ni Ebo kweli, na kama ndiye, ataje jina alilopewa na bibi yao alipokuwa mtoto.

Nikaweka karatasi kwenye mashine, nikasubiri anitajie.

"Wao wameshamaliza kunililia. Kesho, dada Ritha," alisema. Nilimuuliza tena wiki iliyofuata, na mwezi uliofuata. Barua hiyo hatujaiandika.