Ukurasa wa Mbeya

Ninaikumbuka vizuri Jumapili moja ya miaka ile ya hamsini, nilipotamani ardhi ya Iringa ipasuke inimeze, nami nimevaa jezi safi ya kijani na nywele nimezichana. Mwanangu, wewe uliyepewa kazi ya kuichapa historia ya klabu yetu, kaa kitako unisikilize. Nimeambiwa mmekubaliana kikaoni kwamba ukurasa wa Mbeya uachwe, eti kumstahi mzee. Nawashukuru kwa heshima hiyo, lakini siitaki. Nitakueleza sababu, taratibu, maana miguu yangu imechoka ingawa ulimi bado unakimbia.

Klabu yetu ilianzia barazani kwa Mzee Salum, fundi cherehani. Babu zake walitoka pwani, yeye akazaliwa hapa hapa mjini, na Kihehe alikijua kuliko Wahehe wengi. Mtu wa pili alikuwa Bwana Maiko, bwana barabara, yaani msimamizi wa ujenzi wa barabara, Mzungu mwekundu kama nyanya, aliyekasirika sana ukimwita Mwingereza. Yeye alikuwa mtu wa Ayalandi. Alituambia Waingereza waliwatawala na wao pia, na tangu siku hiyo watu wa sokoni wakaanza kumwuzia mayai kwa bei ya ndugu.

Bwana Maiko alitusimulia habari za klabu ya mji wao mpaka tukazijua kama za kwetu. Ilianza kabla babu yake hajaoa. Walioianzisha walikuwa wafanyakazi wa kiwanda cha kamba, watu waliotoka kazini mikono imechubuka, wakaenda kucheza kwenye malisho ya ng'ombe wa tajiri mmoja. Tajiri akawafukuza. Wakang'oa magoli yao, wakayabeba mabegani mpaka kiwanja kingine, na huko wakafukuzwa. Mara nne walihama hivyo, hata watoto wa mji ule wakadhani kila mchezaji lazima awe na mti begani. Vita vikaja vikawachukua vijana, wengine hawakurudi. Mwaka mmoja wa shida walisafiri kwenda kucheza wakiwa wanane tu, wakafungwa kumi na moja bila.

Yote hayo yaliandikwa katika kitabu. Kila msimu ulipoanza, kitabu kilisomwa kwa sauti mbele ya watu wote, na ukifika ukurasa wa yale mabao kumi na moja, ukumbi mzima ulisimama.

Mimi nilicheka. Nilimwuliza, "Bwana Maiko, watu wazima wanasimamia kufungwa?"

Akanijibu kwa Kiswahili chake cha kuungaunga: "Hapana simamia bao. Simamia watu nane. Wao nakwenda."

Sikumwelewa, mwanangu. Lakini Mzee Salum alimwelewa pale pale. Alikuwa ametushonea jezi za kitambaa cha kijani, na kwa kipande kilichobaki akalivisha daftari nene. Akasema nasi tutakuwa na kitabu, na kitasomwa kila mwaka Jumapili ya kwanza baada ya mavuno. Akanikabidhi mimi niwe katibu wake. Nilikuwa nimesoma shule ya misheni ya Tosamaganga, nikafanya kazi ya ukarani dukani, na kila mtu mjini aliniita Karani. Mwandiko wangu ulikuwa mzuri, na nilijua kuwa ni mzuri. Hapo ndipo matatizo yalipoanzia.

Kipa wetu aliitwa Luvanda, mkulima wa Kalenga. Mtu mrefu, mpole, alidaka peku mvua na jua. Hakujua kusoma hata herufi moja, lakini mpira aliusoma. Mimi nilikuwa beki wa kati mbele yake, nahodha, na kama unavyojua Wabena tukipewa cheo, hata kivuli chetu tunakitaka kitembee nyuma yetu. Nakutania. Ila mimi ndivyo nilivyokuwa.

Mwaka huo tulialikwa Mbeya kugombea kikombe na timu ya mji ule. Tuliondoka alfajiri juu ya lori, tumekaa kwenye magunia ya unga. Makambako tulilisukuma kwenye tope mpaka jezi ya kijani ikawa na rangi ya udongo, nasi tuliimba tu. Sijawahi kujisikia mtu kamili kama siku ile. Tulifika jioni, wenyeji wakatupokea kwa ndizi na nyama ya mbuzi, wakatutania kwamba watu wa Iringa tumekuja kushiba kabla ya msiba.

Kesho yake watu walijaa, wengine wametembea kutoka Mbalizi. Tulikwenda mbili kwa mbili. Dakika za mwisho, ukungu ukashuka kutoka mlima Loleza, ukafunika kiwanja. Mbele huoni hatua kumi. Wenzetu wote walikuwa upande wa pili wakitafuta bao, na golini kwetu tulibaki wawili, mimi na Luvanda. Mpira mrefu ukaja. Luvanda akatoka, akaita, "Wangu! Wacha, Kalani, wangu!" Nilimsikia, mwanangu. Nilimsikia vizuri kabisa. Lakini moyo wangu ulitaka nahodha ndiye aokoe. Nikaruka, nikaupiga kichwa vibaya, ukampita, ukaingia golini kwetu.

Filimbi ikapulizwa. Kwenye lori, njia nzima ya kurudi, wenzetu waliuliza bao limeingiaje. Mimi nilinyamaza. Luvanda akanitazama kidogo, kisha akasema, "Limeingia tu. Bao ni la kipa." Akajifunika gunia akalala.

Mtu mwingine angeshukuru. Mimi nilikaa na lile daftari nikaona nafasi. Niliandika, nikafuta, nikaandika kwenye karatasi nyingine, mpaka maneno yakakaa sawa: kwamba Mbeya tulifungwa kwa sababu kipa aliacha lango lake bila sababu. Halafu nikayanakili kitabuni kwa mwandiko wangu bora. Nilijiambia kwamba mwenyewe amekubali bao ni lake, na kwamba hatajua kilichoandikwa. Nilisahau kwamba kitabu chetu hakikuandikwa ili kilale.

Ikafika Jumapili ya kusoma. Luvanda alikuwa amemposa binti wa Mzee Kikoti, jirani yake wa Kalenga, na kwa kuionea fahari klabu yake alimwalika mkwewe mtarajiwa aje asikie jina lake likisomwa. Mzee yule alikuja na koti lake la baridi, akapewa kiti cha mbele. Msomaji ni mimi. Nilipoufikia ukurasa wa Mbeya ningeweza kuuruka. Niliusoma, na sauti yangu haikutetemeka.

Mzee Kikoti akageuka akamtazama Luvanda. "Kumbe wewe ndiye uliacha lango?" akasema kwa sauti. "Sasa mtu akiacha lango la mpila, mlango wa mwanangu ataulinda nani?" Akachukua fimbo yake akatoka.

Luvanda alivua jezi, akaikunja vizuri kama nguo ya msikitini, akaiweka juu ya meza mbele yangu, akaondoka kifua wazi katika baridi ile. Ndiyo siku niliyotamani ardhi inimeze.

Jumatatu Mzee Salum aliniita barazani kwake. Aliendelea kukanyaga cherehani, kitabu kimefunguka juu ya meza. Akaniambia nifunue kurasa zote nilizoandika. Nikafunua. Huku doa la wino, huku neno limefutwa, huku alama ya kidole.

"Sasa tazama huu wa Mbeya," akasema. "Hauna hata doa. Umeuandika mara ngapi, Karani?"

Nikaufunika kwa kiganja.

"Mimi ni fundi. Nikiona mshono umenyooka kupita kiasi mahali pamoja, najua pamefichwa tundu. Haya, nieleze."

Nikamweleza yote huku nikilia, kijana mzima wa ndevu. Nilipomaliza nikashika ule ukurasa niuchane. Akanipiga kofi la mkono, la kweli kweli. Aliniambia kitabu hakichanwi. Nguo ikitoboka fundi haitupi, hutia kiraka, na kiraka huonekana, na aliyevaa hutembea nacho. Akanisukumia kalamu: "Andika chini yake. Na usinakili."

Niliandika pale pale. Wino ulidondoka mara mbili. Kisha nikabeba kitabu na jogoo mmoja, nikatembea mpaka Kalenga. Njia ile nilijifunza kwamba aibu ina uzito, maana jogoo alikuwa mdogo lakini nilihisi nimebeba ng'ombe.

Nilimkuta Luvanda shambani. "Kamwene," nikamsalimu kwa lugha ya kwao. Akaitikia, kwa kuwa salamu haikataliwi, ila hakuacha kulima. Nikasimama kwenye matuta nikamsomea nilichoandika: kwamba kipa alitoka kwa haki yake, akaita, nahodha akasikia, nahodha akaufunga mpira golini kwake mwenyewe kwa kutaka sifa, kisha akaandika uongo juu ya mwenzake aliyemsitiri.

Aliegemea jembe. "Soma tena," akasema. Nikasoma tena. Akafikiri.

"Hapo kwenye kuita, hapajakaa sawa. Mimi sikuita. Nilipiga kelele sana. Andika hivyo."

Nikapiga magoti kwenye udongo nikaandika: alipiga kelele sana. Ndipo akacheka, nami nikacheka na machozi. Lakini usidhani aliniachia kirahisi. Alitaka mambo mawili. La kwanza, niusome ukurasa ule mbele ya watu wale wale, na mimi mwenyewe nimwite Mzee Kikoti. La pili linanichoma mpaka leo. Alisema, "Na unifundishe kusoma. Nisije nikasomewa uongo mala ya pili na mimi nimekaa napiga makofi."

Kwa Mzee Kikoti nilikaa nje ya uzio tangu asubuhi hadi alasiri kabla hajatoka. Aliponisikiliza alisema tu, "Nitakuja nisikie kwa masikio haya." Akaja. Jumapili iliyofuata nilisimama mbele ya klabu nzima nikasoma uongo wangu, kisha nikasoma kiraka chake. Nilipomaliza nilifunga kitabu. Nilisubiri wanizomee. Nilikuwa nimekwisha kuivua jezi moyoni.

Aliyesimama kwanza ni Bwana Maiko. Kisha Mzee Salum. Kisha wote, mmoja mmoja, mpaka Mzee Kikoti kwa fimbo yake. Walimsimamia Luvanda, mwanangu, wala si mimi, nami nikajua hatimaye wale watu wanane wa Ayalandi walisimamiwa kwa nini. Luvanda akaichukua jezi yake mezani akaivaa. Harusi yake tulicheza siku mbili, na ulanzi, ile pombe yetu ya mianzi, msimu ule ulikuwa mtamu.

Kusoma alijifunza kwa kitabu hicho hicho, barazani kwa Mzee Salum, kidole chake kinene kikifuata mwandiko wangu. Bwana Maiko aliutafsiri ukurasa wetu akaupeleka kwa barua kwenye klabu ya kwao. Jibu hatukulipata, baadaye alihamishwa, na sijui kama waliusoma. Napenda kuamini waliusoma, wakasimama.

Tangu hapo vikombe tumechukua, unavijua, viko kabatini. Lakini uliza mzee yeyote wa klabu hii ni ukurasa gani unaowafanya watu wajae ukumbini. Kwa miaka yote iliyofuata msomaji wa ukurasa wa Mbeya alikuwa Luvanda mwenyewe. Alisoma polepole, kwa miwani ya kuazima, na akifika pale pa kelele aliweka kitabu chini, akavuta pumzi, akapiga kelele kweli: "Wangu!" Watoto wakaanguka kwa kicheko, nami nikasimama nimeinua kichwa, kwa sababu ile ndiyo klabu yangu, na yule ndiye kipa wangu. Mwaka alipofariki nilisoma mimi. Nilipofika pale sauti ikagoma, ukumbi mzima ukanipigia ile kelele.

Basi sikia, mwanangu. Wahenga walisema asiyekubali kushindwa si mshindani. Nami naongeza langu: asiyeandika kushindwa kwake hana historia, ana majigambo tu. Ukiwa na kalamu mkononi, umemshika mwenzako mahali asipoweza kujitetea, hasa yule asiyejua kusoma, kwa hiyo iogope kalamu kuliko ngumi. Ukikosea, usichane, andika chini yake, kwa jina lako, kisha uende kwa miguu yako mpaka kwa uliyemkosea. Na mtu akikusitiri, usigeuze sitara yake kuwa blanketi lako.

Chapa ukurasa wa Mbeya, na madoa yake mawili ya wino ukiweza. Usinisafishe. Na pale nilipoandika kwamba kipa alipiga kelele sana, usiondoe hilo "sana", lina mwenyewe.

Mungu akupe mkono mwepesi na roho nzito. Akujalie marafiki wanaokuita kwa sauti, na masikio ya kuwasikia. Jezi ya kijani ikukae vizuri, wewe na watakaokuja nyuma yako, na siku ya kusomwa jina lako, watu wasimame.