Kamba ya Mitsue Ilikunjwa, Mlima Ukashuka

Theluji iliporomokea makaburi ya kijiji cha Kamiori na kumuua Eikichi Nezu kwa sababu mtu aliondoa kamba iliyofunga njia. Aliyeiondoa anajulikana. Bado ni mwenyekiti wa kijiji.

Asubuhi hii Mitsue Kuwabara, mwenye miaka hamsini na miwili, yuko kando ya mteremko uleule, ndani ya shimo alilochimba mwenyewe. Kazi yake ni kupima theluji na kusema watu wapite au wasipite. Anakata bonge la theluji, anaweka koleo juu yake, anapiga kwa vidole. Kisha anapiga kwa nguvu zaidi, kutoka kiwikoni. Bonge linakatika na kuteleza hadi magotini pake.

"Unaona huku chini? Chembe kama sukari, hazishikani," anasema. "Jua la Machi linayeyusha juu, maji yanashuka mpaka hapa. Mlima umekalia sukari iliyolowa."

Nusu ya theluji ya mteremko huu bado haijashuka.

Wiki iliyopita zilikuwa siku za kuwatembelea wafu. Watu wa Kamiori huondoa theluji juu ya makaburi ya wazee wao kwa koleo mpaka jiwe lionekane, kisha huweka uvumba na mochi, vitumbua vya mchele wa kunata, vya maharage matamu. Mitsue alikuwa amefunga njia ya makaburini. Katika ukumbi wa kijiji, mwenyekiti Tadao Hoshina akamcheka mbele ya watu.

"Dada Mitsue, kwako kila mwaka mlima unaanguka! Nenda kapime macho."

"Cheka, mwenyekiti. Ila chekea huku nje ya kamba."

"Asubuhi theluji ni ngumu kama sakafu. Tutawahi kurudi. Au wazee wetu wangoje ruhusa yako?"

Watu wakaangua kicheko. Kesho yake Tadao alifungua kamba, akaikunja vizuri, akaiweka kwenye ngazi za hekalu. Theluji ilikuwa ngumu kweli, lakini juu tu. Jua lilipopanda watu walikuwa bado wanachimba, maana mwaka huu makaburi yalikuwa yamefukiwa mno. Ndipo nusu ya theluji ya mteremko ikawashukia.

Sasa Tadao anasema hakuna aliyejua.

"Hakuna aliyejua?" Mitsue anachoma koleo kwenye theluji. "Nilimwambia mara mbili, kashika kikombe cha chai! Akanijibu, 'Kunywa chai, mama, upoe.' Haya, nimepoa. Na Eikichi kapoa."

Jana Tadao alituma mtu kuuliza njia itafunguliwa lini, ili majivu ya Eikichi, aliyechomwa kama ilivyo desturi yao, yazikwe. Mitsue ameagiza mnyororo na kufuli. Ufunguo atauvaa shingoni.

"Mwambieni sifungui. Nusu iliyobaki ishuke kwanza. Eikichi hana haraka tena."

Kamba iko palepale kwenye ngazi, haina hata mkwaruzo. Kilichopotea ni Eikichi, miaka sabini na sita, aliyekutwa na koleo mkononi. Vidole vitatu vya mkewe, Hatsu, vilivyobanwa na jiwe. Na mawe tisa ya makaburi, moja likiwa la mama yake Eikichi, yule ambaye Eikichi alikuwa amekwenda kumtembelea.