Ng'ombe Niliyempoteza kwa Hewa ya Ukaa

Jaribio lile lilinigharimu ng'ombe mmoja wa maziwa na fungu la ndimu.

Ulikuwa mwaka tuliokatwa kutoka Arusha tukaitwa Manyara. Nilikuwa na duka Katesh, nikiuza chochote soko huria lilichotuletea. Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, alikuwa mwalimu wa sayansi. Siku moja alikuja dukani akasema hewa ya ukaa, hii tunayoitoa puani, hunasa miale ya joto ambayo jicho haliioni. Nikamwambia nimeshauziwa vingi visivyoonekana, na wauzaji nao hawakuonekana tena. Tukabishana mpaka nikaweka dau ng'ombe wangu aliyekuwa kijijini Getanuwas. Yeye akaweka baiskeli.

Alichukua chupa mbili za plastiki zinazofanana, kila moja na kipimajoto chake. Moja aliiacha na hewa ya kawaida. Nyingine aliijaza, kwa mpira mwembamba, hewa iliyotoka kwenye magadi yaliyomwagiwa ndimu za dukani kwangu. Akaziweka mbele ya jiko la mkaa uliokolea. Yenye hewa ya ukaa ikapata joto zaidi.

Mimi nimenunua mahindi kwa mizani za watu, sikuamini. Nikamtaka abadilishe vipimajoto. Ikawa ile ile. Nikataka chupa zibadilishane hewa, nikapima kwa kamba umbali wa kila moja kutoka kwenye jiko, nikapima tena. Bado hewa ile ile ilishinda. Nikachungulia chupani: hamna kitu.

"Ongeza ndimu, shemeji," akanitania, "labda hewa itakuonea huruma."

Mshtuko mkubwa zaidi ulinipata njiani kwenda Getanuwas kutoa habari. Ng'ombe yule nilimweka kwa mama mmoja mjane, kama tunavyowekeana huku: ng'ombe wangu, maziwa ya anayemtunza. Alikuwa akimlea mjukuu mchanga aliyefiwa na mama, na mtoto hakuwa na maziwa mengine. Ng'ombe wa kuwekwa hatolewi angali akikamuliwa. Hilo nalijua tangu utoto. Nilikuwa nimeweka dau chakula cha mtoto.

Nilimkuta yule mama akikamua. Nikamwamkia, akaitikia marahaba bila kugeuka. Nikamsimulia yote, chupa, jiko na magadi.

"Hiyo hewa uliiona?" akauliza.

"Hapana, mama."

"Na ng'ombe wangu ukampa shemeji yako?"

"Bado. Shemeji anakuja kumchukua kesho. Nishauri, mama, nimwambie nini?"

"Mwambie ng'ombe ni wake tangu leo, ila atabaki hapa mpaka maziwa yakauke," akasema, akaendelea kukamua.