Barua Isiyokuwa na Pemba

Kch. Bahasha ikichanwa kwa kidole gumba. Godefroid aliusikia mlio huo mwaka wa 1938, katika kambi ya reli ya Élisabethville, na haukumtoka tena masikioni.

Kazi yake ilikuwa kutia mafuta ekseli za mabehewa, lakini kwao, upande wa Kilwa ya ziwani, si ile ya pwani, alikuwa mrithi. Mjomba wake, Chifu Mukuka, alikwisha kumtaja mbele ya wazee: mtoto huyu wa dada yangu ndiye atakayepokea upinde wangu na jina langu. Upinde wa uchifu hupokewa kabla maiti ya chifu haijatoka nyumbani. Ukishashikwa na mwingine, basi.

Mukuka hakujua kusoma. Barua zake ziliandikwa na yeyote mwenye kalamu, kwa hiyo kila mara yeye alichovya kidole katika pemba, udongo mweupe wa baraka, akakibandika kwenye pembe ya karatasi, ndiyo sahihi yake.

Barua hii ilisema: "Ninaumwa. Usije. Upinde nimempa Stanislas." Stanislas alikuwa mtoto wa mama mdogo wa Godefroid.

Paulin, mwenzake wa kazini aliyemwita yaya, yaani kaka, aliigeuzageuza karatasi.

"Yaya, pemba iko wapi?"

"Imetoka mu njia."

"Pemba ya Mukuka? Ile ya mwaka jana ilinyeshewa na mvua, ikabakia! Wende uulize."

"Mi niulize neno la njomba? Akufe niko pale, bantu baseme nimemuloga juu ya kutaka kiti chake?"

Akabaki. Mwezi haukuisha, Honorine, muuza samaki wa kule, akaleta habari. Barua aliiandikisha Stanislas. Mzee alikata roho akiuliza, "Gode iko wapi?" Na Stanislas alikwisha kuitwa Mukuka.

Paulin hakumlaumu hata siku moja. "Pengine Stanislas alibandika pemba yake, ikatoka mu njia," alisema mara moja tu, na Godefroid akaitikia kwa kichwa.

Miaka kumi na mitano baadaye parokia ilicheza mchezo wa mrithi wa kiti cha China ya kale. Maadui wanatunga barua kwa jina la baba yake, mfalme: jiue. Naye anatii. Godefroid akapewa kuwa mrithi, Paulin jemadari wake. Jumapili ya mchezo Godefroid alitokea na kanzu ya kitambaa cha pazia na ndevu za katani.

"We Muchina!" mkewe Germaine alipiga kelele. "Ndevu zinaanguka!"

Ukumbi ukacheka. Kisha barua ikachanwa. Kch.

"Mwana wa mfalme," alinguruma Paulin, "tukaulize kwanza!"

Godefroid alipaswa kujibu kwa sauti kuu, "Neno la baba haliulizwi," kisha auangukie upanga wa mbao. Badala yake aliitazama pembe ya karatasi. Akaipapasa kwa kidole gumba. Padri, akidhani amesahau, alimnong'oneza maneno kutoka nyuma ya pazia.

Godefroid akamsogelea rafiki yake mpaka ndevu za katani zikamgusa begani. Hata safu ya mbele haikumsikia.

"Paulin, pemba haikutoka mu njia. Siku ile ile nilijua haikubandikwa."