Gari Isiyozima

Siku ya kwanza gari yetu ilipokataa kuzima nilikuwa nimeegesha mbele ya soko la Chake Chake. Ufunguo nilikuwa nao mkononi, na injini inanguruma vilevile. Nikautia tena, nikauzungusha, nikauchomoa. Wapi! Wauza ndizi waliacha kazi wakanitazama.

"Bi, gari yako haijataka kupumzika," mmoja akaniambia.

Nikacheka naye. Mwisho nilifungua boneti nikabonyeza kichuma cha kuzimia kilicho ubavuni mwa injini, kama nilivyokuwa nikimwona mume wangu akifanya zamani. Ndipo iliponyamaza.

Gari hiyo ni ya dizeli, ya Kijerumani, na ni kongwe. Mume wangu aliinunua kwa familia moja ya wafanyabiashara wa Kihindi walipohamia Unguja, na kwa miaka mingi hakuna aliyeishika ila yeye. Kisha akapooza upande wa kushoto. Mimi nilikuwa nimeshastaafu unesi, nina miaka hamsini na minane, sijawahi kushika usukani. Nikajifunza. Kutoka kwetu Vitongoji alitakiwa afike hospitali mara mbili kwa wiki kufanyishwa mazoezi, na ngazi ya gari za abiria hakuiweza. Viti vya gari yetu viko chini. Nilimgeuza taratibu, akakaa, nikamtia miguu ndani.

Fundi alikuja nyumbani siku ya pili. Alinieleza vizuri, sina lawama naye kwa hilo.

"Bi, hizi gari za zamani hazizimwi kwa umeme. Kuna pampu hapa mbele inafyonza hewa. Hivi vijipira vyote unavyoviona, hewa yake inafyonzwa muda wote. Huo mfyonzo ndio unaozima injini, ndio unaosaidia breki, ndio unaofunga kufuli za milango. Sasa pampu yako imekufa. Spea yake hata Dar es Salaam utaitafuta."

Akafunga waya kwenye kile kichuma, akaupitisha mpaka ndani, chini ya usukani. "Ukitaka kuzima, vuta hapa."

Wiki tatu nilivuta waya, breki bado zikishika. Wiki ya nne tulikuwa tunarudi kutoka hospitali, jua kali, nikafika kwenye mteremko ulio karibu na kwetu. Nikakanyaga breki. Kanyagio likawa gumu, haliendi. Nikakanyaga kwa miguu yote miwili, nikarudisha gia chini, nikavuta breki ya mkono. Mbele yangu alikuwepo mtu na baiskeli. Nikamkwepa, na gari ikasimama magurudumu mawili yakiwa juu ya jamvi la karafuu za watu.

Mwenye karafuu, mama wa makamo, alitoka mbio. Alipoona tuko wazima alisema, "Alhamdulillahi, karafuu zitaokoteka." Nilikaa naye chini mpaka alasiri tukichambua mchanga na changarawe. Mume wangu alibaki ndani ya gari, mlango wazi, akiutazama mteremko.

Nyumbani ndipo aliposema. "Iuze."

"Nani atanunua gari isiyo breki?"

"Basi ikatwe, iuzwe chuma."

"Na wewe utakwendaje mazoezini?"

"Sendi."

Alisema hivyo akitazama ukuta. Miezi minane ya mazoezi ilikuwa imempa hatua kumi na mbili kwa gongo, kutoka kitandani mpaka mlangoni. Nilijua akikaa miezi miwili tu zitapotea zote. Usiku ule nilijiambia gari haitatoka uani mpaka nijue ugonjwa wake uko wapi.

Jambo moja lilikuwa likinikera. Fundi alisema pampu imekufa, lakini hakuipima. Miaka thelathini na moja ya wodini sikumpa mgonjwa dawa kwa kumtazama tu. Basi asubuhi niliuchomoa mpira mnene unaotoka kwenye pampu, nikawasha injini, nikaweka kidole gumba kwenye tundu la pampu. Kiling'ang'aniwa! Nilipokichomoa kilikuwa na duara jekundu. Pampu ilikuwa hai. Kumbe ilikuwa ikifanya kazi ya bure, inafyonza, na hewa nyingine inaingia kwa mlango wa nyuma.

Nyumbani nilikuwa na bomba kubwa la sindano, lile la kulishia wagonjwa kwa mpira. Nililichomeka kwenye kijipira kimoja, nikavuta mchi wake, nikauachia. Mchi ukirudi wenyewe, kijipira ni kizima. Ukibaki pale ulipovutwa, hewa imeingia, pana tundu. Kila kijipira nilichokipima nikakifunga uzi: mweupe kwa kizima, mwekundu kwa kibovu. Majirani walipita, wakasalimia, wakaniuliza kama nimefungua gereji. Mume wangu alikaa barazani akanipa kisogo.

Siku ya tatu nikakipata kimoja. Kilikuwa kinakwenda kwenye kufuli la mlango wa nyuma. Nikabandua ubao wa mlango, na ndani nikakuta kifuko cha mpira kimepasuka kama chapati kavu. Nikaziba kijipira kwa msumari mnene, nikawasha gari, nikazungusha ufunguo. Ikazima! Nilipiga kigelegele peke yangu pale uani.

Furaha haikudumu. Niliizungusha gari uani, mbele na nyuma, kwa muda. Breki zilianza vizuri, zikaja kuwa ngumu, na ufunguo nao ukawa unachukua muda kuzima injini. Nikaketi juu ya ndoo, mikono myeusi mpaka kwenye viwiko. Sikulia, lakini nilikuwa karibu.

"Ikiwa baridi ni nzuri," sauti ikatoka barazani. "Ikipata moto ndiyo inaharibika. Hata siku ya karafuu tulikuwa tumetoka mbali."

Nikageuka. Alikuwa ameshaugeuza uso.

"Sasa tufanye nini?" nikamuuliza.

"Iache iwake nusu saa. Kisha mtu akanyage breki, wewe usikilize."

"Mtu gani? Tuko wawili tu hapa."

Akagonga sakafu kwa gongo. "Mguu wangu wa kulia mzima."

Nilimtembeza hatua kwa hatua. Zilizidi kumi na mbili, sikumwambia. Nikamkalisha kwenye kiti cha dereva, ambacho hakukikalia tangu augue. Akashika usukani kwa mkono mmoja, akatengeneza kioo, ingawa hatukuwa tunakwenda popote.

Nikachukua kile kipimo changu cha kusikilizia moyo, nikakitoa kichwa, ukabaki mpira mtupu. Ncha yake nikaipitisha juu ya injini, sehemu baada ya sehemu. Kelele tu. Nikapaza sauti, "Kanyaga!" Akakanyaga. "Achia! Kanyaga tena!" Nikaipitisha chini ya ule mpira mnene wa kwenda kwenye breki, nyuma ya klipu, mahali ambapo jicho halifiki. Masikioni mwangu mkaingia mluzi mwembamba. Akiachia, unapungua. Akikanyaga, unarudi.

"Upo!" nilipiga kelele. "Nimeupata, bwana!"

Ilipopoa niliuchomoa mpira ule nikaukunja. Chini yake palikuwa na ufa wa urefu wa ukucha. Ukiwa baridi ulikuwa umejifunga, huuoni. Ukipata moto, mpira unalainika, ufa unafunguka.

Kuupata mpya nako kulikuwa na safari yake. Wa kwanza niliouleta kutoka Chake ulikuwa laini. Pampu ilipoufyonza ukabanana kama utumbo mtupu. Nikarudi. Mzee mwenye duka la spea akaukamata ule mpira wangu wa zamani, akautazama ufa, akaniuliza nani aliyeuona. Nilipomwambia ni mimi, aliingia stoo akakaa huko muda mrefu, akatoka na kipande kinene chenye nyuzi ndani, kimejaa vumbi. "Huu haubanani," akasema. Kweli haukubanana.

Jumatatu tulitoka mapema. Kwenye mteremko nilikanyaga breki mara nne bila haja, na mara zote kanyagio likashuka laini chini ya mguu wangu. Mume wangu alijishika dirishani. Tulipofika hospitali nikazungusha ufunguo, injini ikanyamaza papo hapo. Mlinzi wa getini, aliyezoea kuniona nikivuta waya, akaja kuuliza imekuwaje.

"Tumeitengeneza," mume wangu akamjibu. "Mimi na huyu."

Nilitaka kumsahihisha, siku tatu za mwanzo nilikuwa peke yangu. Lakini alikuwa tayari ametoa mguu mmoja nje na ananyoosha mkono nimpe gongo lake, na foleni ya mazoezi ilikuwa imeshaanza. Nikampa, tukaingia.