Siku Baba Alipotaka Kubeba Jeneza la Majini

Aibu hii ni yangu, nasimulia mwenyewe, maana hapa Nguvumali wengi mmeshaisikia ikiwa imetiwa chumvi na mimi nimechoka kuwasahihisha.

Tangu nimalize chuo, mimi na baba tulikuwa hatuna maneno zaidi ya shikamoo na marahaba. Nilikuwa nahoji kila kitu (kwa nini hitima, kwa nini ubani, nani kathibitisha), mwisho akaacha kunijibu. Basi niliposikia kuna mchezo wa jukwaani mjini, alasiri, wa kijana anayekwenda nchi ya majini kumrudisha baba yake aliyekufa, nikamwalika. Majini mimi mwenyewe siyaamini, ila nilitaka tukitoka pale tuwe na la kuongea. Alifurahi, akavaa kanzu iliyopigwa pasi. Nikachagua viti vya kando ya njia ili aone vizuri, na balaa lote likaanzia hapo.

Majini waliingia kwa mlango wa nyuma, wamejipaka masizi, wamebeba jeneza lenye yule baba wa mchezoni, mtu mzima na afya yake, kafunikwa shuka ya kijani, wakawa wanapita polepole katikati yetu. Kugeuka, baba yangu kasimama! Kabla sijasema neno ameshaingia njiani, katoa bega apokee mti wa jeneza, kama wafanyavyo wanaume wa huku maiti akipita, wawe wanamjua au hawamjui.

"Baba, kaa! Ni mchezo!" Nikamshika kanzu.

"Niachie."

Sikumwachia (msomi mimi). Nikavuta, akayumba, akamwangukia jini wa mbele, jeneza likapinduka, na marehemu akaporomoka hadi sakafuni akilia, "Mguu wangu, jamani!"

Ukumbi mzima ukaangua kicheko.

"Mzee, mwache huyo, bado hajaoshwa!" mmoja akapaza sauti.

"Mkalisheni babu, kadhani kweli!"

Na mimi, badala ya kumwinua, nikawageukia watu nikasema kwa sauti, "Samahanini, hakuelewa." Mbele yake.

Akainuka mwenyewe, akapapasa chini ya viti mpaka akaipata kofia yake, akatoka. Nilimkuta nje anajipangusa vumbi.

"Nilielewa," akasema bila kunitazama. "Macho ninayo. Lakini jeneza likipita mimi sikai."

Akaondoka peke yake, na mimi nikabaki pale mlangoni nikisikiliza watu wanavyoendelea kucheka ndani.

Nimeapa kwamba siku nyingine baba akisimama, popote pale, hata kama sioni maana yake, nitasimama naye. Ila kiapo chenyewe sijapata pa kukitimizia. Nikimwalika siku hizi, hata harusini, hunijibu kwa upole kwamba miguu inamuuma, halafu haupiti muda namwona anakwenda msikitini, kwa miguu hiyohiyo, haraka haraka, peke yake.